Kiti Kinachotazama Mlango

Kwa miaka kumi na tisa nimewapima akili na tabia vijana ambao shule zimewashindwa, na sipendi kufundishwa kazi. Kanuni yetu ya kwanza: mtoto akae akiutazama mlango, asijione amefungiwa. Mimi huupa mlango mgongo.

Yule binti wa miaka kumi na tano aliletwa kwa sababu alichoma godoro lake bwenini. Mwalimu mkuu alitaka jibu moja tu: abaki bwenini chini ya uangalizi, au arudi nyumbani kwa baba yake mdogo aliyemlea? Baba mdogo ndiye aliyemleta. Mtu mpole, shati limenyooshwa, salamu mpaka kwa mfagizi. Nilimpenda mara moja, na hilo linanikera mpaka leo.

Baba mdogo akabaki nje akisubiri; mimi nilianza sentensi, binti akamalizia.

"Shuleni mimi..."

"Napenda hesabu."

"Rafiki yangu..."

"Anacheka kama mbuzi." Tukacheka wote wawili.

"Nyumbani kwetu..."

Macho yakaenda mlangoni. "Sijui."

"Nikienda kulala..."

Mlangoni tena. "Sijui."

"Wewe, mlango haukupi majibu," nikamtania. "Nitazame mimi."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Samahani, daktari."

Mara sita alitazama mlango, na mara sita nikatia alama kwenye kisanduku cha "hatulii". Nikaandika: akili nzuri, umakini hafifu, nyumbani hakuna tatizo, arudishwe. Nikasaini, nikapiga muhuri. Baba mdogo akaipokea nakala yake kwa mikono miwili.

Siku ya tatu kalamu yangu ilidondoka, ikabiringika mpaka upande wa pili wa meza. Nikaiokota, na kwa kuwa kiuno changu hakina adabu siku hizi, nikaketi kidogo kwenye kile kiti cha watoto. Nikainua macho. Mlango wetu una kioo chembamba katikati, na nyuma ya kioo kuna benchi la wazazi. Mzazi mmoja alikuwa ameketi pale akisubiri zamu yake. Nilimwona uso mzima, naye akanitazama.

Kila nilipomuuliza yule binti habari za nyumbani, baba yake mdogo alikuwa pale, akimtazama.

Nikapiga simu shuleni. Wakasema binti alishaondoka. Nikampigia baba mdogo.

"Ah, daktari! Tulifika salama."

"Naomba niongee na binti."

"Amepumzika. Siku hizi hasemi sana." Alicheka taratibu. "Ile ripoti nimeibandika ukutani chumbani kwake. Akianza kulialia, namwambia aisome kwa sauti, kuanzia juu mpaka kwenye sahihi yako."

"Nakuja," nikamwambia. "Nakuja na polisi."

"Karibuni sana," alisema, kwa upole uleule. "Nitawaonyesha ulichoandika."