Marahaba ya Mama

Niliota usiku wa jana kwamba nimepanga foleni kwenye ofisi ya kampuni ya intaneti, nimekwenda kudai nusu ya sentensi.

Sentensi yenyewe ni ya dada yangu Zuwena, anayefanya kazi za ndani Maskati. Ijumaa alipiga simu ya video. Nilikuwa nimenunua kifurushi cha Bila Kikomo makusudi, ili mama amtazame hadi aridhike. Mama akamsalimia. Akamuuliza habari za kulala, za kula, za joto, za mwajiri. Akamwita jirani yetu Bi Mwatumu naye asalimie, na Bi Mwatumu akawaita wanawe. Ndipo Zuwena akausogeza uso karibu na simu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usi..."

Picha ikaganda, mdomo wake uko wazi. Tangu hapo hapatikani.

Mama anashikilia kwamba alitaka kusema usihofu. Mdogo wetu Saumu, ambaye leo asubuhi alikuwa aondoke kumfuata akafanye kazi kwenye nyumba hiyohiyo, anasema bila shaka ni usisahau kumpa Saumu dagaa aniletee.

Basi nimefika kaunta. Nyuma yake amekaa kile kiduara kinachozunguka kwenye skrini mtandao unapokwama. Amevaa tai. Anazunguka hata anapokusikiliza.

"Shida yako, kaka?"

"Nilinunua Bila Kikomo, mkanikatia."

"Sisi hatukati. Njoo uone."

Kaunta inageuka barabara ya lami, imenyooka, haina mwisho. Natembea vizuri mpaka kwenye mstari mweupe. Nikiuvuka tu, nainua mguu wa kulia, na kabla haujatua ndevu zimeshaniota. Konokono ananipita. Ananiuliza kama ninaumwa.

"Umeona?" anasema Kiduara. "Barabara haina kikomo, kama tulivyoahidi. Kasi ndiyo ina kikomo. Imeandikwa kwenye masharti."

"Masharti yako wapi?"

"Mwisho wa barabara."

Namwambia kwamba simu yetu haikuwa ndefu kiasi cha kufika kwenye mstari. Tumeshaingia ghalani, sikumbuki kwa mlango gani. Magunia yamepangwa hadi darini. Kutoka kwenye gunia la karibu namsikia mama, anauliza habari za joto.

Mizani ya kupimia mahindi inanitazama kwa uchovu.

"Salamu tupu hizi, ndizo zilizowafikisha kwenye mstari," inasema. "Kwenu mnasalimiana kama mnalipwa."

"Walikuwa hawajaonana mwaka mzima."

"Maskini," inasema Mizani, na mshale wake unapanda kidogo. "Unaona? Huruma nayo ina uzito. Usinisemeshe sana, utalipia."

Nawaambia nilisoma chuoni kwamba mawasiliano ni haki ya kila mtu. Nasema kwa moyo wote, kama nilivyosema siku ya kutetea utafiti wangu. Foleni nzima inageuka kunitazama kwa upole, kama watu wanavyomtazama mgeni aliyeingia msibani anacheka. Mama mmoja ananipa nafasi nikae.

Kiduara anaacha kuzunguka. Bila kuzunguka anafanana na mtu yeyote wa ofisini.

"Nusu ya sentensi yenu tunayo," anasema. "Ilifika salama, tunaitunza. Kuitoa lazima uweke kitu kizito zaidi. Marahaba ya mama yako itatosha."

"Moja?"

"Zote. Kifurushi hakina kikomo."

Nafikiria begi jekundu la Saumu, limesimama mlangoni tangu jana mchana. Nakubali.

Mizani inaitoa kwenye gunia. Marahaba ya mama ni kitu kidogo chenye joto, kama andazi lililotoka kwenye mafuta sasa hivi. Nataka kuishika, lakini Kiduara ameshaitia kwenye droo. Halafu anafungua mdomo, na sauti inayotoka ni ya Zuwena, ya chini, ya mtu anayeogopa kusikika chumba cha pili:

"...mruhusu Saumu aje huku."

Namwomba airudie.

"Kurudia ni kifurushi kingine," anasema, anaanza tena kuzunguka.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na gari la wakala wa kazi za Maskati lilikuwa linapiga honi nje. Nikajiambia kwamba ni ndoto tu, kwamba mtu hawezi kumrudisha mdogo wake ndani na kuvunja mkataba kwa sababu ya maneno ya kiduara kilichovaa tai. Mama alikuwa jikoni anakoroga uji wa safari.

"Shikamoo, mama."

Mama yangu huitikia shikamoo hata akiwa usingizini. Akageuka, akafungua mdomo kama kawaida yake, na mdomo ukabaki wazi. Alinitazama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Umeamka?" akasema mwishowe, akarudia kukoroga.

Nikatoka. Nililiinua lile begi jekundu, nikalirudisha chumbani hadi kwenye kona ya mwisho.

"Kaka, unafanya nini? Gari liko nje," akasema Saumu, viatu vipya miguuni.

Nikalikalia begi.