Korido ya Vigae Themanini na Vinne

Fundi saa alifika kliniki saa mbili na nusu asubuhi, shati lake limefungwa vifungo vyote isipokuwa kimoja kilichomshinda. Dada yake mkubwa alimfungia mbele za watu, naye hakubisha. Vidole ndivyo vilivyomleta. Vilitetemeka mpaka anywe pombe, na alikunywa kwa sababu tangu mkewe afariki kulikuwa na hofu iliyomkaa kifuani kila alfajiri. Mwezi uliopita alimwambia dada yake kwamba amechoka kuishi. Tangu siku hiyo dada hakumwacha peke yake hata dakika moja.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha uraibu. Daktari wake, bwana mpole mwenye miwani ya kamba, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hofu yako itibiwe kwanza," alisema. "Nikikuachisha pombe na hofu ikabaki, utarudi kunywa wiki hiyohiyo. Nenda chumba cha mwisho kule."

Chumba cha mwisho kilikuwa cha afya ya akili. Daktari wa kule, mama mwenye haraka lakini asiye na ubaya, naye alimsikiliza.

"Uache pombe kwanza," alisema. "Sasa hivi siwezi kujua hofu ni yako au ni ya chupa."

Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na korido ya vigae themanini na vinne. Mama wa usafi alijua idadi, kwani alikuwa ameipiga deki miaka tisa. Ndugu hao wawili walienda na kurudi, kila siku na barua mpya ya rufaa. Ijumaa mama wa usafi alimwambia dada kwamba vimebaki sitini na kimoja.

"Ni huyu mdogo wako," alisema akikamua tambara. "Kila akipita, kimoja kinaondoka. Mwache aendelee, mgongo wangu umepata nafuu."

Wiki ya tatu mabenchi yalianza kupandana. Hakuna aliyetoa taarifa, maana jambo hilo halikuwa na fomu. Jumatano kigae cha mwisho kiliondoka, na madaktari wakajikuta meza moja, magoti yakigusana. Fundi saa alisimama mbele yao na barua yake. Walitazama kulia na kushoto, wakaona hapana pa kumpeleka, basi wakamtibu.

Alilazwa siku tisa. Aliachishwa pombe taratibu kwa dawa, maana kuiacha ghafla kungeweza kumuua. Hofu nayo ilipewa vidonge vyake, na kila alasiri mshauri alikaa naye wakazungumza habari za marehemu. Madaktari walijadiliana dozi kwa sauti ya chini, kila mmoja akaandika kwenye faili lake, na hawakuazimana hata kalamu.

Siku ya kumi fundi saa alilala mpaka jua likapanda. Alipoamka aliomba chai, akauliza kama kuna wateja waliomtafuta. Dada alitoka nje, akaegemea ukuta na kulia kwa furaha muda mrefu.

Mwezi uliofuata walirudi kuchukua dawa. Uongozi ulikuwa umeirejesha korido kama ilivyo kwenye ramani, vigae vyote themanini na vinne, na kila daktari alikuwa chumbani kwake. Kwenye benchi la katikati aliketi mwalimu mmoja wa kike, vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni, ameshika barua mbili.

"Huku wananiambia nianzie kule," alisema, "na kule wananiambia nianzie huku."

Fundi saa alimkabidhi dada yake mfuko wa dawa.

"Inuka, mwalimu," alisema. "Tukitembea wawili, korido inapungua haraka."

Dada alitia mfuko kwenye mkoba, akavua viatu vyake vya visigino, akawafuata.