Jibu la Luhende

Luhende alikuwa ameinama kukagua kwato ya fahali aliyetaka kumnunua wakati sauti ya Zabron ilipomfikia kutoka kwenye spika ya mchoma nyama.

"Ndama walipanda lori," iliimba sauti ile, na kiitikio kikadaka: "Miriamu akabaki barabarani."

Aliiachia kwato, akanyooka taratibu. Sauti ilikuwa safi mno, ngoma zikisikika moja moja, utadhani Zabron na waimbaji wake wamesimama nyuma ya zizi la mnada. Waliozunguka jiko la nyama wengi walikuwa wageni wa lugha ile: Wanyamwanga wa pale Momba, na wachuuzi wa Kibemba waliovuka mpaka kufuata ng'ombe. Wao walitikisa mabega tu kwa utamu wa mdundo. Wasukuma waliokuwapo walielewa kila neno. Walimtazama Luhende, kisha wakayageuzia macho yao kwenye nyama.

Miriamu alikuwa mama yake mzazi.

Alimwendea mchoma nyama. "Zima hiyo."

"Mzee wangu, wateja wanaipenda."

"Inanitukana."

Mchoma nyama alimtazama, kisu mkononi. "Kumbe wewe ndiye wa kwenye lori?"

"Ndiye mimi."

"Sasa mbona hukumjibu?"

Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza habari za mvua, na ndiyo maana swali lile lilimchoma Luhende kuliko wimbo wenyewe. Alimjibu. Alimjibu Zabron siku ileile, katika uwanja uleule, mbele ya mamia ya watu.

Katika bonde lile Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao walikuwa wamekuja na ngoma zao pia. Kila mwaka, baada ya mavuno, vyama viwili vilikutana kushindana kwa nyimbo. Kimoja kikiongozwa na Luhende, kingine na Zabron. Manju aliruhusiwa kumtukana mwenzake kwa lolote, ilimradi amwachie nafasi ya kujibu kabla jua halijatua. Kwa desturi ya uwanja wao, jibu liliimbwa mara moja tu. Aliyelirudia jibu lake, hata baada ya miaka, alihesabiwa kuwa amekiri halikumfika adui yake, na wazee walimpa mwenzake ushindi papo hapo.

Julai iliyopita, mwaka 2011, Zabron aliimba habari za lori. Luhende alisimama bila matayarisho, akaimba jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Aliimba kwamba walipokuwa wakihama kutoka Usangu, Miriamu alifia njiani, karibu na Vwawa. Kwamba Mnyiha mmoja asiyewajua aliwapa kipande cha shamba lake la kahawa wamzike. Na kwamba Zabron, aliyekuwa kwenye msafara uleule, aliapa hana jembe. Luhende na mkewe walichimba kaburi kwa panga na sahani ya bati. Alipofika hapo ngoma zilinyamaza zenyewe. Uwanja mzima ukawa kimya, na wanawake wakajifunika nyuso kwa khanga. Ule ukimya ndio uliompa ushindi, na tangu siku hiyo aliutunza moyoni kama mtu anavyotunza nguo ya sikukuu.

Sasa wimbo wa Zabron ulikuwa ukitembea peke yake, umeacha jibu lake nyuma.

Asubuhi iliyofuata alipanda kwenda Tunduma. Aliambiwa aulize kibanda cha Dennis, kijana wa Kinyamwanga aliyekuwa akiwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, upande wa barabara ya kwenda Chapwa. Alimkuta amekaa mbele ya kompyuta mbili, waya zikining'inia juu ya kichwa chake kama utando wa buibui.

"Wimbo wa lori umeupata wapi?" Luhende aliuliza kabla ya salamu.

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Umeupata wapi?"

"Aliuleta Eliudi, wa bodaboda. Alirekodi kwa simu."

Eliudi alikuwa mpwa wa Zabron. Luhende alisogea karibu na meza. "Na jibu lake liko wapi?"

"Jibu gani?"

"Ulikata wimbo katikati. Ulijua unachokikata?"

"Mzee wangu, Kisukuma sijui hata neno moja," Dennis alisema, akianza kupekua kompyuta yake. "Mimi nakata kwa masikio. Panapochangamka naacha, panapolala natoa. Haya, hii hapa. Dakika thelathini na moja. Nani ana nafasi ya dakika thelathini na moja kwenye simu ya Kichina?"

Aliifungulia. Wimbo wa Zabron ulipita, na baadaye, kwa mbali sana, Luhende alijisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuipenda sauti ile. Ilikuwa nyembamba, imefunikwa na mtu aliyekuwa akipatana bei ya karanga na mtoto aliyekuwa akikohoa. Eliudi alikuwa amesimama upande wa mjomba wake, na simu ilisikia kilichokuwa karibu yake. Kisha ukafika ule ukimya.

"Umesikia?" Dennis alisema. "Hapa watu wameshaondoka."

"Hawakuondoka. Walikuwa wanalia."

"Basi wangelia kwa sauti, mzee. Nani ataingiziwa ukimya kwenye simu yake?"

Luhende aliinua mkono kumnyamazisha. Ndani ya ukimya ule palikuwa na sauti nyingine, ya chini, karibu kabisa na simu: sauti ya mtu anayejisemea.

"Jembe nilikuwa nalo," alisema Zabron kwa Kisukuma. "Lilikuwa la kufungulia shamba jipya. Ningelianzishaje kwa kuchimba kaburi?"

"Rudisha," Luhende alisema. Dennis akarudisha. "Tena." Uwanjani hakuna aliyeyasikia maneno yale. Tangu jibu lile Zabron aliapa kwamba hakuwa na jembe, aliapa kwa wazee, aliapa kwa watoto wake, na sasa alikuwa amekaa ndani ya kisanduku cha Mnyamwanga akikiri mara tatu mfululizo.

"Sauti hii unaweza kuikuza?"

"Naweza kuifanya radi."

"Chukua maneno ya kwanza tu, ya jembe. Hayo mengine ya shamba toa. Yarudie, na uyawekee ngoma yake mwenyewe."

Dennis aligeuka na kiti chake. "Na jibu lako, mzee? Si ndilo ulilolifuata?"

Luhende alifikiri juu ya ile sauti nyembamba iliyoshindwa hata na muuza karanga. "Liache," alisema. "Kwanza huyu afungwe mdomo."

Haikuchukua wiki tatu. Katika Kisukuma jembe ni igembe, na neno hilo, likipigwapigwa na ngoma za Zabron kama chuma kwenye fuawe, lilitoka Tunduma likashuka bondeni, likaingia kwenye vilabu vya pombe, kwenye mashine za kusaga, kwenye pikipiki. Vijana wasiojua maana yake waliliitikia kwa kuruka. Zabron aliacha kuonekana mnadani, na Luhende alipopewa habari hiyo alikula chakula chake akakimaliza.

Mkewe, Conjesta, ndiye hakufurahi. Jioni moja pikipiki ilipita nje ya boma ikiunguruma igembe, igembe, naye aliacha kupepeta mahindi.

"Nilishika ile sahani ya bati mpaka ikakunjika," alisema. "Hiyo sahani iko wapi kwenye wimbo wako?"

"Zabron amenyamaza, mama Shani. Huoni?"

"Sijakuuliza habari za Zabron. Nimekuuliza habari za mama."

"Kila mtu sasa anajua alikuwa na jembe."

"La kufanyia nini? Nenda ukawaulize."

Hakwenda kuuliza, lakini mnada uliofuata mchoma nyama alimpokea kwa bashasha. "Mzee wa Igembe, karibu mfupa," alisema, akamkatia kipande. "Hebu tutolee ubishi hapa. Huyu mwenzangu anasema igembe ni jina la bia."

"Ni jembe."

"Jembe gani?"

Luhende alifungua kinywa, akagundua kwamba ili kulieleza jembe lile ingempasa aanze na kaburi, na ili aeleze kaburi ingempasa aimbe. Aliurudisha mfupa juu ya sinia.

Alipanda tena Tunduma. Safari hii alitoa salamu kwanza. "Nataka ile nzima," alimwambia Dennis. "Dakika zote thelathini na moja."

Dennis alikuna shingo. "Niliifuta, mzee. Ilikuwa inajaza nafasi. Nilidhani ulichokitaka umeshakichukua."

"Na simu ya Eliudi?"

"Ilitumbukia mtoni wakati wa masika. Si unajua Momba ikijaa."

Luhende alisimama pale kibandani kwa muda, akizitazama zile kompyuta mbili kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonea hata Zabron. Kisha alishuka kwenda nyumbani kutunga wimbo mpya. Aliutunga kwa miezi miwili. Ulihusu mtu anayelala na jembe chini ya godoro lake mpaka ubavu unaoza, na ulikuwa wa kuchekesha na mkali. Wapiga ngoma wake walipousikia walisema Zabron hatainuka tena.

Julai ikafika. Watu walijaa uwanjani kuliko mwaka wowote, na vijana wengi walikuja na simu mkononi. Zabron aliingia amebeba jembe begani. Vijana wakapiga kelele, igembe, igembe, naye akangoja waishe. Kisha akalikita ardhini mbele ya Luhende, likasimama.

"Neno lile nililiambia tumbo langu," alisema, bado hajaanza kuimba. "Wewe umelisikiliza kama mwizi dirishani."

Kisha akaimba. Aliimba kwamba zamani Luhende alikuwa manju, lakini siku hizi amekuwa mteja. Akitukanwa, hupanda gari kwenda Tunduma kununua jibu kwa mtoto wa watu asiyejua hata kusema maji kwa Kisukuma. Uwanja ulicheka mpaka baadhi wakakaa chini. Hata wapiga ngoma wa Luhende waliinamisha vichwa kuficha meno.

Zamu yake ilipofika, wimbo wa godoro ulikuwa mdomoni tayari. Aliliona jembe. Upande wa pili alimwona Conjesta, amesimama kati ya wanawake, mikono ameifumbata. Luhende alivuta pumzi, akaanza na lori, kama lilivyoanza jibu lake la mwaka jana.

Kwenye ubeti wa kwanza wapiga ngoma walisitasita, kwa kuwa waliutambua. Kwenye wa pili mzee Nathanaeli, msimamizi wa uwanja, aliinuka kitini. "Amerudia," alisema, na wazee wenzake wakatikisa vichwa. Luhende aliendelea. Aliimba panga, akaimba shamba la kahawa. Alipofika kwenye jembe, hapakuwa na ukimya wowote. Vijana walilidaka neno lao wakaruka nalo, vumbi likapanda. Akaongeza sauti juu ya kelele zao, akaimba sahani ya bati mpaka ilipokunjika, na jina la Miriamu alilimalizia sauti ikiwa imepasuka.

Nathanaeli alimkabidhi Zabron usinga wa ushindi. Zabron alilichomoa jembe, akalikung'uta udongo.

"Umerudia," alisema.

"Nimerudia."

"Mbele ya watu wote."

"Sikuwa nimejificha."

Zabron alitema mate pembeni, akaondoka. Conjesta alileta kibuyu cha maji, akakishikilia mwenyewe mumewe alipokuwa akinywa. Eliudi wa bodaboda akajongea, simu mpya mkononi, akasimama mbali kidogo kama mtu anayehofia kupigwa.

"Mzee, mwanzo haujaingia," alisema. "Nilichelewa kubonyeza."

Luhende alimtazama kijana yule, akamchukia kwa ukamilifu, kuanzia viatu mpaka kofia. Alijifuta ndevu.

"Washa," alisema. "Na ukikata, nitajua ulipokata."

Akaanza upya, ameketi, bila ngoma. Zabron, ambaye alikuwa hajafika mbali, alisikia, akacheka kwa nguvu ili kicheko chake nacho kiingie.