Betri ya Fundi Waya

Kwa siku ishirini na mbili mshonaji alimdanganya kaka yake, na uongo wenyewe kila siku ulikuwa wa neno moja tu.

Kaka mtu alikuwa akitoka garini asubuhi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, anakwenda mbele kwenye boneti, anaiinamia chaja, kisha anapaza sauti kuelekea dirisha la jikoni. "Mdogo wangu, hebu nihakikishie. Taa ya kijani inawaka?"

"Inawaka, kaka."

Haikuwaka. Waya mrefu wa chaja ulichomekwa jikoni, nyuma ya friji, na swichi yake mshonaji aliizima kwa mkono wake mwenyewe siku waliyotoka kwa daktari wa macho.

Gari lile zamani lilisambaza mikate. Fundi Waya, kama mji mzima ulivyomwita, alilinunua baada ya kufiwa na mke, akatia kitanda, jiko la gesi, sinki na mapazia aliyoshonewa na dada yake, akaondoka. Miaka saba alizunguka nalo akitengeneza umeme wa magari ya watu, leo huku, kesho kule. Alipoliegesha uani kwa dada yake alisema, "Napita tu." Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu siku hiyo. Kupita gani huko, mtu keshajua hadi kamba ipi ya nguo inalegea?

Gari la kuishi lina betri mbili. Moja ni ya mambo ya ndani, taa na feni na redio, nayo hujazwa na sola ya juu ya paa. Nyingine ni ya kuwashia injini, na gari likikaa tu hiyo hupungua kidogo kidogo, maana king'ora cha wezi na saa ya dashibodi havipumziki. Wengi hudhani sola inajaza zote mbili, mpaka siku ya safari wanapogeuza ufunguo, gari likakohoa mara moja na kunyamaza. Fundi Waya hakuwa mtu wa kupatwa na aibu hiyo. Ndiyo sababu ya chaja, na ndiyo sababu ya waya kupita dirishani.

Daktari alisema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata. Asiendeshe tena. Fundi Waya alimshukuru kwa adabu zote, na walipofika nje akasema, "Yule hajui kitu. Jumatatu ya mwisho wa mwezi naenda kumwona mjukuu wangu."

Binti yake alikuwa amejifungua, mwendo wa siku mbili kutoka hapo. Mshonaji alimsihi apande basi.

"Mimi si kifurushi," alijibu.

Alimsihi mara ya pili, na ya tatu, siku hiyo hiyo. Funguo za gari kaka mtu alikuwa akilala nazo mfukoni. Mshonaji akawa anashona huku anamwona barabarani, lori linatokea kushoto, upande asiouona. Hofu hiyo ndiyo iliyomwingiza mkono nyuma ya friji.

Alidhani ni jambo jepesi. Betri itakufa, kaka atanung'unika, safari itaahirishwa, basi. Hakufikiria kwamba mtu aliyeshika kazi ya umeme miaka arobaini haachi betri ife hivi hivi.

Kwanza Fundi Waya alitoa kipimo cha umeme chenye mshale, akikiinamia mpaka pua inagusa kioo. "Inashuka," alisema. Akaipeleka betri kwa rafiki yake wa gereji, ikajazwa, ikapimwa, ikarudishwa. "Betri yako haina neno," rafiki alimwambia. Baada ya siku sita ilikuwa imeshuka tena. Basi kosa liko kwenye nyaya, na nyaya zote alizitandaza yeye. Alichomoa king'ora. Alichomoa saa. Alichomoa fyuzi moja moja, akazipanga kwenye sahani na kuzipapasa kwa ncha za vidole, jua likimpiga kisogoni.

"Umeme wa jikoni upo?" aliuliza siku moja.

"Upo, kaka. Friji si unaisikia?"

Na friji ilinguruma kweli, kwa kuwa ilikuwa na swichi yake.

Siku ya ishirini na mbili aliingia uani dereva wa teksi, mteja wake wa miaka mingi. Mshonaji alikuwa dirishani kwenye cherehani, anapachika kola za sare za shule.

"Fundi, gari langu halichaji. Niangalizie chapuchapu, nina abiria."

Fundi Waya alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. "Nenda kwa mwingine."

"Acha utani. Mwingine nani?"

"Sitanii. Kichwa changu kimeanza kwenda. Kama cha mama."

Dereva alicheka, kisha akaona anacheka peke yake, akaaga.

Mshonaji aliondoa mguu kwenye pedali. Mama yao, miaka yake ya mwisho, alikuwa akikunja kitambaa kimoja na kukikunjua, kutwa nzima, akiwauliza wanawe wao ni watoto wa nani. Yeye alitaka kumnyima kaka yake barabara tu. Alimnyima akili, tena kwa sauti ya upole, kila asubuhi. Alijichukia.

Kaka mtu aliingia chumbani, akaziweka funguo juu ya kola. "Chukua. Mtu asiyejua betri yake inavujia wapi hafai kuwa na gari. Na mkoba wangu wa vifaa mpe yule wa gereji."

Alichokitaka kilikuwa hicho hapo, kimeletwa kwa hiari. Angenyamaza tu, na hakuna ambaye angejua.

"Kaka, kichwa chako ni kizima," alisema. "Ni mimi. Nilizima swichi."

Hakuelewa. Ikabidi dada arudie, swichi, friji, vyote.

"Na taa ya kijani?"

"Haikuwaka."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Machozi yakamtoka, na dada yake akadhani ni hasira, kumbe sivyo. "Kwa hiyo nyaya zangu hazina kosa."

"Hazina, kaka."

"Vijana wote niliowafundisha niliwaambia, anzeni kwenye chanzo, msiamini mdomo wa mtu. Mimi sikukagua kwa sababu chanzo kilikuwa kwako." Hakupaza sauti. Afadhali angefoka.

"Ungekwenda kujiua, ukaua na watu."

"Ungeniambia hivyo."

"Nilikuambia mara tatu!"

Na kweli aliambiwa. Kaka mtu akainuka, akajipangusa uso, akazisukuma funguo zikamfikia dada yake. "Hizi kaa nazo. Juzi nikiwa kwa miguu gari la maji lilinipita ubavuni sikuliona, nikakuficha. Mpigie binti yangu, mwambie nakuja na basi."

Mshonaji alilia kwa shukrani. Alidhani yamekwisha. Alikwenda kuosha uso, akakaa kidogo, akarudi kwenye cherehani na kumaliza kola mbili.

Alipoinua macho, aliona kupitia mlangoni waya wa chaja unatembea kwenye sakafu ya jikoni. Fundi Waya alikuwa ameuchomoa nyuma ya friji na sasa alikuwa nje, anauvuta kupitia dirishani, anauzungusha kwenye kiwiko. Jirani wa ng'ambo ya ukuta, mtu waliyekuwa wakisalimiana naye tu, alikuwa amenyoosha mkono juu ya matofali kuupokea, akauchomeke kwake.

Mshonaji alitoka mbio, uzi bado umemning'inia begani. "Kaka, jamani, umeme si upo hapa?"

"Upo, mama," alijibu, kwa ile adabu aliyokuwa akiwapa wateja asiowajua, akaendelea kumpitishia jirani waya.