Matufaha ya Chenga

Mahbouba alipofika Ibra, nchini Oman, mwezi wa Januari mwaka 2003, dada yake Turkiya alikuwa hajamtia machoni kwa miaka ishirini na saba. Walilia uwanja wa ndege, wakalia tena garini, na walipofika Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapochepuka, walikuwa wamekwisha kuwataja na kuwarehemu maiti wote wa ukoo. Siku tatu za mwanzo zikaishia kwenye kahawa na halua, na majirani waliokuja kumtazama mgeni kutoka Bara. Siku ya nne nyumba ikatulia. Turkiya akafunga kanga kiunoni, akasema leo atampikia mdogo wake matufaha ya chenga.

"Yale ya mama?" Mahbouba aliuliza.

"Ya nani tena?"

Mama yao alikuwa na duka la rejareja Lushoto, milimani, ambako matufaha yanaota. Bibi mmoja wa Kijerumani mwenye shamba la matunda alikuwa akija kununua mafuta ya taa na chumvi, na siku moja akamwonesha mama jinsi ya kuyaoka matufaha chini ya unga uliofikichwa na siagi na sukari. Unga ule ukifikichwa hukusanyika punje punje, mfano wa chenga za mchele, na hilo ndilo jina walilolipa chakula chenyewe. Turkiya alijifunza ana miaka kumi. Mwaka 1975 akaolewa, akamfuata mumewe Oman, na mama akafa mwaka 1984 bila ya wao kuonana tena. Khabari ilimfikia kwa barua, arubaini imekwisha kupita. Basi kila majira ya baridi, matufaha ya makasha yanapojaa madukani, Turkiya huyapika, na hakubadilisha kitu hata kimoja. Alihisi kwamba hicho ndicho pekee alichotoka nacho kwao kikiwa kizima.

Jikoni alikuwa na binti yake Hala, aliyekuwa akisomea ualimu Nizwa na sasa yuko likizo.

"Mama, hii matufaha nakata kubwa?"

"Haya matufaha, mwanangu, si hii. Vipande vyembamba. Vikiwa vinene vitabaki vigumu ndani."

Aliyapanga katika treya, akayakamulia ndimu, akanyunyiza sukari na mdalasini. Kisha akatia mikono katika unga wa ngano, akaufikicha na siagi ya baridi kwa ncha za vidole, taratibu, mpaka ukawa chenga. Akaumwaga juu bila ya kuukandamiza, akatia treya ndani ya joko. Baada ya nusu saa nyumba nzima ilinukia, na juisi ya matufaha ikawa inatokota pembeni mwa treya, nzito, rangi ya asali.

Mahbouba alipewa bakuli la kwanza. Akala kijiko, akala cha pili, akalichungulia bakuli.

"Matamu sana, dada," alisema. "Mkono wako umebarikiwa."

"Lakini?"

"Hapana lakini."

"Nakujua tangu unatambaa. Sema."

Mahbouba akaweka kijiko. "Si ya mama. Ya mama hayakuwa na siagi, wala unga wa ngano. Yalikuwa na unga wa mahindi uliokaangwa, karanga za kutwanga, na sukari guru."

Turkiya alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mahbouba, wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfikichia."

"Na ulipoondoka nikamfikichia mimi. Miaka minane."

Turkiya akamkazia macho. Huyu ndiye aliyebaki na mama. Ndiye aliyemwosha, ndiye anayelijua kaburi lake lilipo, na leo amekuja kumnyang'anya hata hiki. Akalichukua bakuli kutoka mbele ya mgeni wake, jambo ambalo maishani mwake hajamfanyia mtu.

"Kama umesahau, sema umesahau," alisema. "Usimsingizie marehemu."

Hala aliwatazama wote wawili. "Yaani, Khaloo," alimwambia mama yake mdogo kwa upole, "kwa nini bibi atie mahindi, na alikuwa na duka?"

Mahbouba akalikunja pindo la buibui lake.

"Duka lilikuwepo," alisema. "Vitu ndivyo havikuwepo. Ilikuja miaka ya shida, mwanangu. Ngano hakuna, sukari hakuna, sabuni hakuna. Rafu za bibi yako zilikuwa na viberiti na chumvi, basi. Yeye aliyekuwa akiwauzia watu unga, akawa anapanga foleni ya unga tangu alfajiri, na mara nyingine ukimalizika kabla ya zamu yake. Siagi tuliisahau. Lakini matufaha yalikuwa yakianguka chini kama kawaida, mti haujui shida. Akasema hayawezi kuoza sisi tukitazama. Akakaanga unga wa mahindi usitoe harufu ya ubichi, akatwanga karanga ili mafuta yake yaushike, akaponda sukari guru. Akapalia makaa juu ya mfuniko. Hivyo ndivyo alivyopika mpaka alipokufa."

Turkiya alikuwa amesimama na bakuli mkononi. "Barua zote zilisema hamjambo. Kila barua. 'Tunakula na kushiba, alhamdulillahi.' Hati yako, Mahbouba."

"Hati yangu, maneno yake. Niliwahi kukuandikia ukweli. Akaniomba nimsomee, nikamsomea, akaichana. Akasema, huyo yuko ugenini analia, tusimwongezee."

Turkiya akakaa kitako. Alikuwa amezikumbuka barua zake mwenyewe. Miaka ile ya mwanzo, nyumba ya wakwe, lugha hapati, wanawake wakimcheka Kiarabu chake, joto la kiangazi linavyokausha ulimi. Alikuwa akimwandikia mama yake kurasa nne nne. Malalamiko yote aliyaweka humo: maji ya kisima yana chumvi, ndizi za kupika hazipatikani, na barafu, ambayo kiangazi kimoja gari la kuileta liliharibika na hawakuipata kwa wiki tatu. Aliandika ukurasa mzima juu ya barafu. Na mama yake alikuwa akitoka foleni kusomewa ukurasa ule.

Akafunika uso kwa kanga. "Barafu," alisema. "Ee Mola wangu. Nilimlilia barafu."

Hala hakuelewa. Mahbouba alielewa mara moja, na mabega yakaanza kumtikisika, na Turkiya alidhani analia, kumbe anacheka.

"Ile ya barafu tuliisoma mara tatu, dada! Mama aliipenda kuliko zote. Akienda foleni anawasimulia wenziwe: binti yangu kule Uarabuni ana msiba, barafu haijafika wiki tatu. Wote wanacheka. Alikuwa akisema, alhamdulillahi, mtu analilia barafu akiwa ameshiba."

Turkiya aliicheka khabari ile huku machozi yanamtiririka, na hakujua kipi kilikuwa kikimtoka zaidi. Kisha akanyanyuka, akalirudisha bakuli mbele ya mdogo wake.

"Nisamehe. Nimekunyang'anya chakula mdomoni."

"Nilikuwa nimeshiba," alisema Mahbouba, na akala.

Asubuhi ya pili Turkiya alimtaka Mahbouba asimame yeye jikoni. Unga wa mahindi ulikuwemo sandukuni mwa mgeni, kilo mbili alizoleta kwa ugali. Sukari guru Hala aliipata kwa Baniani sokoni. Turkiya akakaa kwenye kigoda kutwanga karanga, akiuliza, na Mahbouba akijibu huku akikoroga unga kikaangoni. Alikuwa akienda foleni peke yake? Mpaka miguu ilipovimba, ndipo akaanza kunituma mimi. Nani alimuuguza? Mimi na jirani yetu Sheha. Alinitaja? Alikutaja, dada, usiku wa mwisho alidhani mimi ni wewe. Turkiya alisita na mchi mkononi, kisha akaendelea kutwanga.

Yalipotoka jokoni yalikuwa mekundu meusi, na chenga zake zilikuwa ngumu, zikilia mtu akitafuna. Ladha ya karanga ilitangulia, tufaha likaja nyuma. Hala alisema ya jana ni bora, na hakuna aliyembishia. Turkiya alimaliza bakuli lake polepole, akaliinamisha kukomba juisi iliyobaki.

"Mwezi wa nne huko mvua kubwa?" aliuliza.

"Kubwa. Njia ya mlimani inateleza."

"Basi nitakuja wa saba. Unipeleke kaburini."

"Nitakupeleka," alisema Mahbouba, akamwongezea kijiko kingine.