Kamba za Ng'ombe na Mpira wa Lagos

Jumamosi ile Nyamburi alianika betri za redio juu ya jiwe, kando ya udaga wa mihogo, akaziwekea kokoto pembeni zisiviringike. Betri mpya hazikuwapo Bunda wala Musoma, na zile za zamani zikipigwa jua tangu asubuhi ziliweza kusema mpaka jioni. Alipomaliza alimfukuza kuku aliyekuwa akidonoa udaga, akaenda kuangalia kamba ya Nyangi.

Nyangi alikuwa anaelea usawa wa dirisha, amelala chali, mikono juu ya tumbo la mimba lililokuwa limekwisha kutimia. Kamba ya ng'ombe ilimshika kifundo cha mguu, na ncha yake ya pili ilikuwa kwenye nguzo ya nyumba. Ilikuwa imenyooka kuelekea mashariki, upande wa Mugeta.

"Usikaze sana, mama," Nyangi alisema. "Mguu umevimba."

"Nikilegeza utakwenda."

"Si ndiyo tunataka?"

"Tunataka. Lakini utakwenda na nani?"

Nyangi alimtazama Nyamburi miguuni. Miguu ya Nyamburi ilikuwa chini, kwenye vumbi, kama kawaida yake.

Kuelea kulikuwa kumeanza mwezi wa nane wa mwaka uliopita, siku redio iliposema kwamba timu ya taifa imetoka sare huko Zambia na kwa hiyo itakwenda Lagos, kwenye Kombe la Afrika, mahali ambapo haijapata kufika tangu nchi ipate uhuru. Watu wa kijiji cha Mshikamano waliruka kwa furaha, na waliporuka hawakutua. Walibaki hewani kiasi cha shibiri moja. Wakaitazama miguu yao, wakaona haijakatika, wakaendelea kucheza. Kesho yake walikwenda kulima. Kija, fundi seremala, aliwatengenezea mipini mirefu ya majembe. Nchi yenye ukoo wa watu wa kuita mvua haisumbuki sana na mambo ya hewani.

Tangu hapo walipanda na kushuka kufuatana na habari. Redio ikiitaja timu, walifika usawa wa dirisha. Duka la kijiji likikosa sukari na sabuni, walirudi mpaka nyayo zikagusa majani. Tatizo halikuwa kupanda. Tatizo lilikuwa kwenda.

Kwanza walidhani ni upepo wa ziwani, maana kila mchana watu walisogea kuelekea mashariki, na wengine walikamatwa wakiwa wamefika mashamba ya pamba. Lakini Pastory, aliyeletwa kijijini kutoka kando ya ziwa, mkabala na Rukuba, alionekana akielea kwenda magharibi, upepo ukimpiga usoni na kofia yake ikirudi nyuma bila yeye. Ndipo watu walipotulia na kuangalia vizuri. Kila mmoja alikuwa anakwenda kwenye mahame yake. Miaka sita nyuma malori yalikuja, mapaa yakang'olewa, watu wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na amri ikatoka kwamba hakuna kurudi. Kumbe ni miguu tu iliyokuwa imesikia amri.

Neno hilo halikutamkwa mkutanoni. Mwenyekiti Eliasi, mtu mpole mwenye mwanya, alisema chanzo ni upepo, na kila kaya iwafunge watu wake kwa kamba za ng'ombe. Watu walikubali. Baada ya mkutano alijifunga mwenyewe kwenye mlingoti wa bendera wa ofisi. Kamba yake nayo ilielekea Mugeta. Kwao Eliasi palikuwa jirani na mahame ya Nyamburi; walichota kisima kimoja.

Nyamburi peke yake hakuelea. Hakuwa na kisirani na mpira. Furaha tu ilikuwa haijamrudia tangu malori. Wenzake walimwona ana faida. Wakienda kisimani walimfungia watoto wao kiunoni, naye akapita kijijini akikokota watoto wanaochekelea juu ya kichwa chake, wakidondosha maganda ya karanga.

Mume wake, Magige, alikufa kabla ya malori, akazikwa penye mlango wa zizi. Walikuwa wamepata mabinti tu, na mabinti wakaolewa. Basi Nyamburi alichukua ng'ombe wa mahari zao akaoa mke, Nyangi, ili nyumba isizimike. Nyumba ntobhu si jambo geni Mara: mwanamke huoa, mke akazaa, na mtoto akawa wa nyumba hiyo. Aliyempa Nyangi mimba alijulikana, akasalimiwa njiani vizuri tu, lakini kwa ng'ombe na kwa jina mtoto alikuwa wa Magige. Kilichobaki ni azaliwe kwa Magige. Kitovu kizikwe pale zizini, karibu na mwenye mji.

"Kikizikwa hapa barabarani," Nyamburi alimwambia Eliasi siku alipokwenda kuomba ruhusa, "mtoto atakuwa wa malori."

Eliasi aliitazama kamba yake. "Mama, nikikuruhusu wewe, kesho nitabaki hapa na nani?"

Nyamburi aliona kwamba lilikuwa jibu la kweli. Alimshukuru akaondoka. Darajani kulikuwa na mgambo, na mto ulikuwa umejaa. Njia iliyobaki ilikuwa ya juu, na ya juu ilitaka furaha. Nyangi alikuwa nayo ya kutosha watu wawili, lakini huwezi kumtuma mzazi wa kwanza akajifungue porini peke yake. Kwa hiyo Nyamburi aliamua kujifunza mpira.

Nyangi alimfundisha kwa magunzi ya mahindi, kwenye mkeka.

"Huyu anakaaga hapa tu?"

"Huyo anadaka."

"Na wenzake?"

"Wao wanakimbia. Wakishika kwa mkono wanaadhibiwa."

"Yeye akishika?"

"Yeye anaruhusiwa."

"Basi huyo ni mwenyekiti."

Nyangi alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye mti wa paa. "Wewe sikiliza mtangazaji tu, mama. Akipaza sauti akasema goli, hapo ndipo penye utamu. Mengine yote ni kukimbia."

Nyamburi alilishika hilo. Alikuwa mtu wa kushika neno moja na kulitunza.

Jioni kijiji kizima kilikusanyika uwanja wa ofisi. Watu walifungwa kwenye miti, kwenye magurudumu ya trekta bovu, kwenye nguzo za ghala la pamba, na waliokosa nafasi walifungwa kwa waliopata. Redio iliwekwa juu ya meza. Betri zilikuwa bado na moto wa jua. Nyamburi alisimama chini, kamba ya Nyangi mkononi, kisu cha kumenyea mihogo ndani ya kanga.

Mpira haujachemka, mtangazaji akapaza sauti. Goli!

Kijiji kilishuka chini kwa pamoja, kama magunia kutoka kwenye lori. Wenyeji wa Lagos walikuwa wamefunga.

Nyamburi alipiga vigelegele.

Kwao vigelegele haviulizi. Ukisikia mtoto amelia mji wa jirani, unapiga kwanza, ndipo unauliza ni wa nani. Alipiga kwa pumzi yote, na katikati ya pumzi alihisi visigino vimekuwa vyepesi. Alitazama chini akaona kivuli chake kimemwacha.

"Mama Nyamburi!" Pastory alimwita kutoka kwenye vumbi. "Tumefungwa sisi!"

"Nimesikia. Si goli?"

"La kwao!"

"Sasa watoto wa wenzetu wasizaliwe?"

Goli la pili la wenyeji lilimkuta usawa wa ukingo wa bati, likampandisha mpaka juu ya paa la ghala. Chini yake watu wote wamekaa, mikono mashavuni. Juu yao Nyamburi anazunguka taratibu, amebana kanga kwa magoti, anacheka kwa sauti nyembamba ambayo hata yeye hakuikumbuka.

"Huyu mama kachanganyikiwa," Kija alisema.

"Kafurahi," Eliasi alimsahihisha.

Wakati wa mapumziko Nyangi, aliyekuwa ameketi chini kama wengine, alivuta kamba. "Mama. Kiuno."

"Kinauma au kinavuta?"

"Kinavuta."

"Subiri kidogo."

"Naambiwa nisubiri na mtu aliye juu ya bati," Nyangi aliwaambia wanawake, nao wakacheka wasitake.

Kipindi cha pili hakikuwa kimekwenda mbali. Mtangazaji alianza sentensi, akaiacha, akapiga kelele ambazo hazikuwa na maneno. Tanzania ilikuwa imefunga. Goli, Lagos, mbele ya umati ule wote!

Kijiji kiliruka kikapita miti. Meza ilipinduka, redio ikabaki inaning'inia kwenye mkono wa mtu. Kamba zote zilikazana kwa mpigo mmoja, kila moja upande wake: za Mugeta kwa Mugeta, ya Pastory ziwani, nyingine hata Butiama. Lile trekta bovu, lililokuwa halijasogea tangu liletwe, lilisogea. Watu walikuwa wanaimba, wanalia, wanapeana mikono hewani, na bibi mmoja alikuwa anamlisha mwenzake karanga mdomoni bila sababu.

Nyamburi alimshika Nyangi mkono, akakata kamba ya mguuni karibu na fundo, akaikunja begani. Wakaenda.

Walipopita karibu na mlingoti walimkuta Eliasi kimo cha bendera, kamba imembana mguu, uso wake umeelekea Mugeta.

"Mama Nyamburi, rudi!" alipiga kelele ili watu wasikie. Kisha, walipokuwa wamempa mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Niangalizie kisima."

Walipita juu ya pamba, halafu juu ya mto uliokuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mgambo wa daraja alikuwa amejifunga kwenye ukingo wa daraja. Hakuwa na redio.

"Ngapi ngapi?" aliuliza.

"Mbili moja!" Nyangi alijibu.

"Moja yetu?"

"Yetu!"

Mgambo alipanda mpaka kamba yake ikaisha, akawapungia bunduki.

Mahame yalikuwa pale pale. Ua wa minyaa ulikuwa umenenepa, majani yamefika kiunoni, jiwe la kusagia limekaa mdomo wazi. Mawe ya Magige yalikuwepo. Jua lilikuwa linaaga. Ndipo kutoka ng'ambo ya mto likaja guno moja refu la kijiji kizima, na Nyangi akashuka polepole, akatua kwenye majani kando ya zizi. Wenyeji walikuwa wamefunga la tatu.

Nyamburi hakushuka. Alisikia guno, akajua ni goli, akapanda.

"Mama, shuka!"

"Siwezi, mwanangu. Limeingia jingine."

"Nazaa mimi!"

"Nalijua hilo, nalo linanifurahisha. Chukua kamba."

Alimrushia ncha moja. Nyangi aliivuta kamba uchungu ukimwacha, akapumzika uchungu ukimshika, mpaka Nyamburi akafika karibu, na hapo Nyangi akaifunga kamba kwa ufupi kwenye kisiki cha mlango wa zizi. Nyamburi alifanya kazi hivyo, kichwa chini, miguu juu, kanga ameikaza magotini. Baadaye alisema si vibaya, mgongo hauchoki.

Mtoto alilia kabla giza halijashika. Alikuwa msichana.

Nyangi alijiinua kwa viwiko. Alijua ng'ombe walitolewa kwa ajili gani. "Mama?" alisema. "Ni nani?"

Nyamburi alikuwa ameshaanza vigelegele. Alivimaliza kwanza. Kisha akamwangalia mtoto vizuri, mara mbili, akamfunga kwenye kanga.

"Goli," alisema, "ni goli."

Alichimba kwa kile kisu cha mihogo, kati ya kisiki na mawe ya Magige, akazika kitovu na kumwambia Magige jina lililokuwa limeongezeka. Alipokuwa anashindilia udongo aligundua anashindilia kwa mguu. Ardhi ilikuwa ina joto bado.

Asubuhi lori liliwafuata. Mgambo aliwasaidia kupanda, akambeba mtoto yeye mwenyewe mpaka kijijini. Eliasi alikuwa anangoja mbele ya ofisi, na watu walikuwa wengi, kwa hiyo alisema kwamba kosa limeonekana na lisirudiwe. Watu walipotawanyika alisogea.

"Kisima?"

"Kimejaa majani. Maji yapo."

Eliasi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Halafu akaagiza warudishwe mstari wao, nyumba yao ile ile.

Timu ilifungwa tena mara moja, ikatoka sare mara moja, ikarudi nyumbani ikapokewa kama washindi. Watu wa Mshikamano walitua wiki hiyo hiyo, nyayo zima, na Kija akaifupisha mipini ya majembe. Kamba zilirudi kwa ng'ombe. Amri ya kutorudi ilisomwa upya baada ya mavuno ya pamba, maneno yale yale, na daraja likaongezewa mgambo wa pili.

Mtoto waliyempa jina la bibi wa Magige watu walimwita Lagosi, na Lagosi hakutua. Akinyonya alikaa. Akichekeshwa alipanda, akaenda, na Nyamburi alimfungia utepe wa kanga mguuni, ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Ukitaka kujua Mugeta iko upande gani, hata usiku wa mawingu, ulimchekesha mtoto ukatazama utepe.

Jioni moja Eliasi alipita akitoka ofisini. Alisimama mlangoni. Lagosi alikuwa usawa wa kifua chake, anacheka na kuku, na utepe umenyooka.

"Kaza, mama," Eliasi alisema. "Atakwenda."

Nyamburi aliinama akakaza. Lakini si sana, maana mguu ulikuwa laini.