Dawa ya Awuor

Mtu asiniambie kwamba wema hauozi. Mimi ni nesi hapa Dagoretti Corner, na nimeuona ukioza mbele ya macho yangu. Nikisema hivyo kanisani wananitazama vibaya. Wacha watazame.

Mwaka wa 2006 kliniki yetu ilikuwa na mtoto aliyeitwa Awuor, hata mwaka hajafikisha. Alikuwa na kile kifafa cha watoto wachanga: anajikunja, mikono inaruka, anaachilia, anajikunja tena, mpaka analia kwa kuchoka. Dawa za kawaida tulijaribu zote zikashindwa. Daktari Mbuthia akasema kuna moja inayoweza kumsaidia, ila haijasajiliwa Kenya. Si feki, na si ya magendo. Ni vile tu hakuna aliyekuwa ameileta isajiliwe. Akaomba ruhusa iagizwe kutoka ng'ambo kwa ajili ya mtoto huyo mmoja.

Kabla haijafika, Daktari alitukalisha sote saa ya chai. Ni mtu wa kunyoosha mambo, hapendi kitu kizungushwe.

"Dawa isiyosajiliwa ni mzigo wetu," alisema. "Nikiiandika, lawama ni yangu. Mzazi aambiwe ukweli wote: kwamba haijasajiliwa, kwa nini tunaitumia, na ina madhara gani. Hata kama ukweli unauma, aambiwe. Na ni ya mgonjwa aliyeombewa peke yake. Mwingine haguswi nayo kabla hatujampima."

Tukatikisa vichwa huku tukitafuna mandazi. Nani angebisha?

Mama Awuor, yaani Milcah, alikuwa msusi Kenyatta Market. Nilimweleza mimi mwenyewe, neno kwa neno. Pakiti moja asubuhi, moja jioni. Usipunguze, usiruke, usikatishe ghafla, maana ugonjwa utarudi na hasira. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Sista, hii nitaishika kama yai," akaniambia.

Na kweli, Awuor akatulia. Akaanza kucheka. Alimcheka Daktari, alicheka pazia, alinicheka mimi na kofia yangu. Haki ya Mungu tulikuwa wajinga wa furaha kliniki nzima. Mtu akiingia na mafua tu anaambiwa, ebu kwanza mwangalie huyu.

Sasa, kama hujawahi kusukwa Kenyatta Market, nikueleze. Ukikaa kwenye kiti cha msusi hushikwi na mtu mmoja. Anamwita mwenzake, mmoja anakaa kushoto na mwingine kulia, mpaka mistari ikutane katikati, na pesa yoyote inayotoka kwa kichwa hicho wanagawana nusu kwa nusu. Leo kichwa ni changu, kesho ni chako. Asiyegawa pale hadumu. Mwenzake Milcah alikuwa Kalekye, Mkamba mmoja mpole sana, na Kalekye alikuwa na mtoto wa kiume, Nthiwa, aliyekuwa akianguka degedege. Kalekye alikuwa anasuka huku machozi yakimdondokea mteja kichwani.

Haya yote sikuyajua mpaka asubuhi ile Milcah alipoingia akikimbia na Awuor mgongoni, mtoto anatetemeka bila kuachilia. Daktari alijaribu kila kitu. Tuliita gari la wagonjwa. Halikuwa limefika Awuor aliponyamaza kabisa, na huko nje watu wananunua maziwa kama kawaida.

Baadaye nikamuuliza Milcah, "Dawa ulimpa?"

"Nilimpa. Nusu."

"Nusu kwa nini?"

"Nusu ingine nilikuwa nampea Nthiwa."

Akanitazama, macho makavu kabisa.

"Sista, ningekaa aje kando ya Kalekye, mtoto wake anaanguka, na mimi niko na dawa kwa mkoba? Ungekuwa wewe, ungefanya aje?"

Nilitaka kumzaba kofi, na papo hapo nilitaka kumkumbatia. Mpaka leo sijui ningefanya aje.

Akaenda kumzika mtoto wake kwao, upande wa Siaya. Akiwa huko, boksi jipya la dawa likafika, limeandikwa jina la Awuor kwa herufi kubwa. Nililiweka kabatini nikalifunika kwa taulo, nisilione kila nikifungua.

Milcah aliporudi hakuja peke yake. Alikuwa amemvuta Kalekye kwa mkono, na Nthiwa nyuma yao anakula ndizi.

"Daktari, kuna dawa ya mtoto wangu hapa," alisema. "Mpatie huyu. Huyu akipona, Awuor wangu hakuenda bure."

Kalekye hakuinua macho. Mimi nikaomba moyoni, Mungu, mara hii moja tu, sikia.

Daktari akasema hatoi kabla ya kupima, na akapima. Akauliza: mtoto huanguka lini? Akiwa na homa. Na asipokuwa na homa? Hajawahi. Akamtuma mjini akapigwe kipimo cha kichwa, na majibu yalipokuja akawaita wote wawili. Mimi niliona uso wake nikajua. Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ai, mtu huyo na ukweli wake!

"Mama Nthiwa, mtoto wako hana kifafa," akasema. "Hili ni degedege la homa. Akikua kidogo litaisha lenyewe. Hahitaji hii dawa. Hajawahi kuihitaji."

Kalekye akatabasamu. Ni mama gani asingetabasamu? Kisha akakumbuka ameketi na nani, akafunika mdomo.

"Kwa hivyo ile nusu..." Milcah alisema.

Daktari akamgeukia. "Haikumsaidia chochote. Pole, Mama Awuor."

Milcah akaamka, akasema asante, akatoka. Asante! Daktari alibaki ameshika kichwa, nami sikumpa hata maji.

Desemba nilienda kusukwa. Niliona haya kwenda kwa msusi mwingine, nikakaa kiti cha Milcah. Kalekye alikuwa amehamia mwisho kabisa wa kibanda, anatusikia na hageuki. Milcah alisuka upande wa kushoto, akazunguka, akasuka wa kulia, mstari baada ya mstari, mpaka makalio yakaniuma. Mteja aliyekuwa akingoja zamu akachoka.

"Wewe mama, si umwite mwenzako mmalize haraka? Si yule amekaa bure?"

"Mimi sigawi," Milcah akajibu, akazivuta nywele zangu kwa nguvu.